Kupunguza ncha za nywele za asili zikiwa kwenye twisti, bila kupoteza urefu ulioungoja

Swali huja kwa sura tofauti, ila ni lile lile. "Dada, nina mwaka na nusu tangu ninyoe, mbele zimefika kidevuni, nyuma zimegoma. Nikate zote zilingane?" Kesho yake mwingine: "Nikisokota, twisti moja nene, ya pembeni yake inaishia kama mkia wa panya. Nifanyeje?" Na wa tatu ameshashika mkasi wa jikoni, anataka tu mtu wa kumruhusu. Nimechoka kujibu kwa vipande vipande, kwa hiyo naweka yote hapa.

Jibu fupi kwa mwenye haraka: usikate ili zilingane. Kata sehemu iliyoharibika tu, na uikate nywele zikiwa kavu, zimenyooka na zimesokotwa. Mkilishika hilo, mengine yote humu ni ufundi wa mikono.

Nasema "twisti" makusudi. Kiswahili chake kingekuwa msokoto, lakini ukiandika "nimekutwa na misokoto ishirini" watu wanafikiria kituo cha polisi.

Mwongozo huu ni wa mwenye nywele za kipilipili zisizo na dawa, anayezisokota mbili mbili, na zikivutwa zinafika walau sentimita 8. Chini ya hapo hakuna cha kukata. Zitunze, rudi baada ya miezi mitatu. Mwenye dread asifuate hatua hizi, ncha ya dread ina mambo yake. Mwenye nywele za asili juu na masalia ya dawa chini asome, ila nimemwekea maneno yake kabla ya sehemu ya matatizo. Akina kaka mnaofuga, karibuni, kichwa ni kichwa.

KWA NINI HAZILINGANI

Wengi wetu tulinyolewa shuleni mpaka kidato cha nne au cha sita, tukaanza kufuga kichwa kizima siku moja. Mtu anadhani basi zitapanda sawasawa kama mpunga. Hazipandi hivyo. Kichwa kimoja kina mikunjo tofauti: kwa wengi utosi una pilipili ngumu zaidi, kisogo kina mawimbi laini, na kingo za mbele ni nyembamba. Unywele unaojikunja sana unaweza kuonekana robo tu ya urefu wake. Kwa hiyo kabla hujasema hazilingani, chukua unywele mmoja wa mbele na mmoja wa kisogoni, vuta kila mmoja mpaka unyooke, pima kwa rula. Mimi nilipofanya hivyo mara ya kwanza, mbele nilipata sentimita 17 na kisogoni 16. Nilikuwa tayari kukata vidole vitatu mbele kwa ajili ya tofauti ya sentimita moja.

Zikionekana kweli zimepishana, tafuta mwizi. Wa kwanza ni wembe wa kufumulia rasta. Tunakata rasta "chini ya nywele zangu zinapoishia" kwa kukisia, tena usiku, tena huku tunaangalia tamthilia. Mwaka ule nilipoona fungu zima la upande wa kushoto limebaki nusu, nilimlaumu msusi wiki nzima, mpaka nilipokuta vipande vyangu mwenyewe ndani ya rasta nilizozitupa kwenye ndoo. Mwizi wa pili ni kiberiti cha gesi cha kuunguzia vinywele vilivyochomoza baada ya kusuka. Vile vinyweleo vingi ni vyako. Wa tatu ni pamba: foronya ya pamba, kitambaa cha kichwani, ushungi unaobana kisogo kutwa nzima, kola ya sweta.

Na usichanganye nywele zilizodondoka na zilizokatika. Binadamu hudondosha kama nywele 50 hadi 100 kwa siku. Ukikaa na rasta wiki sita, siku ya kufumua zote zilizong'oka zinatoka pamoja, na zinatisha. Chukua chache uziangalie kwenye mwanga: yenye kidoto cheupe upande mmoja imedondoka kwa muda wake. Kipande kifupi kisicho na kidoto kimekatika, na hicho ndicho kinachotuhusu.

UNAVYOHITAJI KABLA YA KUANZA

Mkasi wa nywele. Si wa jikoni, si wa fundi cherehani, si ule wa plastiki wa mtoto. Maduka ya vifaa vya saluni wanao, Kariakoo wamejaa. Ukishanunua, ujaribu: chukua unywele uliobaki kwenye chanuo, uache umelegea kidogo, ukate. Ukikatika papo hapo, mkasi mzuri. Ukipinda kwanza na kunaswa katikati ya makali, mkasi butu, nao utakupasulia ncha mpya wakati unaondoa za zamani. Na usiukatie kitu kingine kamwe, hata pakiti ya maziwa mara moja tu. Wangu naulaza ndani ya soksi kabatini, maana kwenye nyumba yenye watoto wa shule mkasi ni mali ya umma.

Vingine: chanuo la meno mapana na lile la mkia mwembamba, vibanio sita hadi vinane, chupa ya kupulizia maji, kondishona isiyosuuzwa au krimu nyepesi, mafuta kidogo, ya nazi au ya mnyonyo, uzi mweusi wa kusukia, rula, karatasi nyeupe, vioo viwili, mmoja ushikike mkononi, na kanga kuukuu ya rangi nyepesi ya kujitandia mabegani.

Mwanga wa mchana. Hili nalihesabu kama kifaa. Ncha iliyopasuka haionekani chini ya taa, na umeme ukikatika umefika katikati utajuta.

Muda: usiku mmoja wa kunyoosha, na asubuhi yake saa mbili au tatu. Mtu wa kukushikia kioo kisogoni anasaidia sana, mradi asiwe na maoni.

HATUA

1. Osha. Shampuu, kisha kondishona, na uchambue mafundo ukiwa bado na kondishona kichwani. Anza nchani, panda taratibu kuelekea kwenye mizizi. Ukianzia mizizini unasukuma mafundo yote chini yakakutane kwenye ncha, halafu utadhani ncha ndizo mbaya. Usipake mafuta mazito leo, yanagandisha nywele pamoja na kuficha uharibifu.

2. Nyoosha kwa uzi. Nywele zikiwa na unyevu kidogo, zigawe mafungu kumi hadi kumi na mawili. Funga uzi kwenye mzizi wa fungu bila kukaza, uzungushe ukishuka, nafasi kidogo kati ya mzunguko na mzunguko, mpaka nchani, kisha fundo jepesi. Lala nayo chini ya kitambaa cha satini. Ni nywele za uzi zile zile za utotoni tulizozikimbia tukiona ni za kishamba, kumbe bado sijaona njia nzuri zaidi ya kunyoosha bila moto. Ukiwa na draya, tumia moto mdogo na usimame zikinyooka, si lazima ziwe bapa. Pasi ya nywele haihitajiki hapa.

Kama uzi unavuta mpaka macho yanakuwa ya Kichina, umekaza. Legeza, hasa kwenye panja.

3. Asubuhi hakikisha zimekauka kabisa. Shika fungu la kisogoni karibu na ngozi, hapo ndipo maji hujificha. Nywele yenye maji inavutika, ukiikata hapo, ikikauka inapanda juu kuliko ulivyokusudia. Wengi wanaolalamika "nilikata kidogo tu" walikata zikiwa mbichi.

4. Gawa kichwa. Mstari mmoja kutoka paji la uso hadi shingoni, mwingine sikio hadi sikio kupitia utosini. Mafungu manne, kila moja libane. Fungua uzi wa fungu moja tu unalofanyia kazi, mengine yaache yalivyo.

5. Sokota. Anzia kisogoni chini. Kila twisti iwe na unene wa kidole chako kidogo, na vigawanyo vilingane. Twisti zenye unene tofauti zitakudanganya macho. Gawa mbili, sokota kwa mkazo ule ule toka juu mpaka mwisho kabisa. Usizungushe ncha kwenye kidole kuifanya ijikunje kama unavyofanya ukitoka. Leo tunataka ncha ikae wazi, ining'inie na aibu yake yote. Kichwa cha kawaida kitakupa twisti 24 hadi 40.

6. Kagua kwa karatasi. Hii ndiyo hatua yenyewe, usiiruke. Weka karatasi nyeupe nyuma ya twisti na uishushie macho pole pole kutoka juu. Twisti nzima ina unene unaopungua kidogo kidogo, kama mkia wa ng'ombe usio na kishungi. Twisti iliyoharibika inakuja nene, nene, halafu ghafla, kwenye sentimita ya mwisho au mbili, inabaki nyuzi chache unazoweza kuhesabu na karatasi inaonekana katikati yake. Pale ilipoanza kuonekana karatasi ndipo mpaka.

Sasa funga macho upitishe ncha katikati ya kidole gumba na cha shahada. Ncha nzima inateleza. Iliyopasuka inakwaruza kama kamba ya katani, na mafundo madogo ya unywele mmoja unayasikia kama chembe za chumvi. Vidole vinajua kuliko macho.

7. Kata ya kwanza, kisogoni, ambapo ukikosea hakuna atakayeona. Shika twisti kwa vidole viwili juu kidogo ya ule mpaka, ivute inyooke bila kuikamua, na ukate mara moja, mkasi ukiwa umelala sawa na sakafu. Kiasi: nusu sentimita. Angalia tena kwenye karatasi. Kama bado karatasi inapenya, ongeza nusu nyingine. Nusu kwa nusu, hata kama unaona wazi kwamba itahitajika sentimita mbili. Mkono ukizoea kukata kipande kidogo hautakimbia mbele.

Kata juu ya mpasuko, si ndani yake. Unywele uliopasuka ukiachwa na milimita mbili za ufa, ufa unaendelea kupanda, na baada ya mwezi uko pale pale.

8. Nenda kwa jirani. Twisti ya pili ilinganishe na ya kwanza, ya tatu na ya pili, na si zaidi ya hapo. Usilinganishe ya kisogo na ya mbele. Kama jirani ni nzima lakini ni ndefu kwa sentimita mbili, iache. Rudia: iache! Hapa ndipo watu wanapopoteza miezi. Wanakuta twisti tatu fupi, wanashusha kichwa kizima kuzifuata, halafu wanakuja kuuliza kwa nini nywele hazikui. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, na za kwetu mara nyingi pungufu ya hapo kidogo. Miezi minne ni kama sentimita tatu. Ukitoa nusu hadi moja, umebaki na mbili na ushee za faida. Ukitoa nne ili "zipendeze", umelipa deni na riba.

Mimi naruhusu kulinganisha kwa kitu kimoja: twisti moja iliyochomoza peke yake mbele, inayokuingia mdomoni ukila. Hiyo ishushe kidogo kidogo katika awamu mbili tatu za miezi kadhaa.

9. Utosi, kisha mbele, kisha panja mwishoni. Utosi ndio mkavu zaidi kwa wengi na utakuta kazi nyingi zaidi. Mbele punguza mkono, kwa kuwa ndiko kunakoonekana. Panja usikate kabisa isipokuwa fundo unaloliona. Vinyweleo vifupi vya panja ama vimekatika kwa kuvutwa au vinaota upya, na vyote viwili havina shida na mkasi, vina shida na misuko ya kubana.

10. Mafundo ya unywele mmoja. Twisti ikiwa nzima lakini umesikia chembe katikati, usikate twisti. Ifumue sehemu hiyo, tenga ule unywele, kata juu kidogo ya fundo, sokota tena. Ukiwa nayo mengi sana, chukua kumi za karibu na ncha, mengine yaache. Hakuna aliyewahi kuyamaliza.

11. Malizia. Fumua na usokote upya fungu kwa fungu: pulizia maji, krimu kidogo, na mwisho tone la mafuta kwenye sentimita tatu za chini tu. Sasa ndiyo unaweza kuzungusha ncha kwenye kidole. Piga picha ukiwa umevuta twisti moja ya kisogo, moja ya utosi na moja ya mbele kwenye rula, uandike tarehe. Bila kumbukumbu hiyo, baada ya miezi minne utakuwa unabishana na kioo.

Nywele zilizokatwa zikusanye zote kwenye ile kanga. Bibi yangu hakukubali hata unywele mmoja ulale sakafuni. Alizichimbia, na akikukuta unafagia kuelekea mlangoni ulisikia habari zako. Mimi nafanya hivyo kwa sababu ya vipande vinavyoingia kwenye unga wa ugali, lakini nazichimbia pia, siwezi kusema kwa nini.

MAKOSA NINAYOYAONA KILA MARA

Kukata nywele zikiwa zimefumuliwa na zimevimba. Kwenye afro unaona umbo, huoni ncha. Wenye afro ya mviringo wanakata hivyo, sawa, lakini wao wanatafuta umbo, wewe unatafuta urefu.

Kukata kwa kalenda. "Kila wiki nane" ni ratiba ya mwenye saluni. Kagua kila baada ya miezi mitatu au minne, na ukikuta hakuna kilichoharibika, rudisha mkasi kwenye soksi.

Kuamini kwamba kukata kunakuza. Unywele unakua kutokea ndani ya ngozi na hauna habari ya kinachoendelea nchani. Kukata kunazuia tu ufa usipande.

Kuchoma ncha kwa mshumaa au kuzichovya kwenye maji ya moto ili "zifunge". Hiyo ni ya rasta, ambayo ni plastiki na inayeyuka. Nywele yako haiyeyuki, inaungua.

Kukata siku umekasirika. Mwanaume amekuudhi, mtihani umeharibika, upele umekutoka usoni: ahirisha. Twisti haikufanya kitu.

Kukata siku ile ile uliyofumua rasta. Nywele zimechoka na wewe umechoka. Osha, zipe wiki moja, ndipo ukague.

WENYE MASALIA YA DAWA

Ukisokota utaona mwenyewe: juu nene na yenye mikunjo, halafu kuna mstari, halafu chini nyuzi zilizolala kama za mahindi. Kwenye mstari ule ndipo zinakatika, kwa sababu aina mbili za nywele zinavutana. Chaguo ni mbili. Ukate zote leo mpaka kwenye mstari, ubaki na ulicho nacho. Au ushushe sentimita mbili kila baada ya miezi miwili mitatu, huku ukizibembeleza pale mstarini: mikono kuliko chanuo, kondishona kila ukiosha. Ya pili inawafaa wasiojiona na nywele fupi, lakini nakwambia ukweli, nimeona wengi wakianza na ya pili na kuishia na ya kwanza saa tano usiku bafuni. Kama unajijua, anza na ya kwanza mchana.

Twisti za nywele zenye masalia hufumuka nchani. Tumia rola ndogo kwenye ncha, usifunge kwa raba. Raba hukata.

IKIENDA VIBAYA

Nimekata twisti moja fupi mno. Usiifuate na nyingine. Ifumue, iunganishe na jirani yake, sokota ziwe twisti moja. Ndani ya twisti nene ufupi wake haujulikani, na baada ya miezi mitatu utasahau ilikuwa ipi.

Ncha zimekuwa ngumu kama ufagio wa chelewa. Ama hazina maji au zina mafuta juu ya mafuta. Jaribu kwanza kuosha kwa shampuu mara moja na kupulizia maji kabla ya krimu. Zikilainika, hazikuhitaji kukatwa tena.

Wiki mbili tu na zimepasuka tena. Rudia jaribio la mkasi. Kama mkasi ni mzima, basi ulikata chini ya ufa. Au unalala bila kitambaa. Hilo nauliza mwisho, ingawa mara nyingi ndilo jibu.

Upande mmoja kila mara mfupi. Unalalia upande gani? Mkoba unabeba bega lipi? Mkanda wa begi ukikaa juu ya twisti kutwa nzima kwenye daladala unazisaga. Badilisha bega, banisha nywele juu unaposafiri, halafu pima tena baada ya miezi mitatu kabla ya kukata ule upande mrefu.

Kisogo hakiongezeki. Angalia kola na sweta. Wavaa ushungi, jaribu kitambaa chembamba cha satini ndani yake, na mahali pa kufungia pasiwe pale pale kila siku.

Zikifumuliwa zinakaa kama paa la makuti, pana chini na bapa juu. Hilo ni umbo, si ncha. Linahitaji kukatwa kwa ngazi, na kwa ngazi sikushauri ujifanyie. Vumilia au nenda kwa anayejua.

Zinapungua, si kukatika. Ukiona panja zinarudi nyuma na ngozi imekuwa laini inayong'aa, au utosini pana uwazi unaopanuka kwa mviringo, panawasha au panauma, weka mkasi na mafuta chini, nenda hospitali kwa daktari wa ngozi mapema. Baadhi ya magonjwa haya yanaacha kovu, na penye kovu nywele hairudi. Kwa walio Kaskazini, pale KCMC Moshi kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, na wanatibu. Mtoto mwenye mabaka ya duara yenye magamba na nywele zilizokatikia kwenye ngozi huenda ana mapunye. Ni fangasi, kwa kawaida hutibiwa kwa dawa ya kumeza, na chanuo lake lisishirikishwe mtu.

NA UKIAMUA KWENDA SALUNI

Si kushindwa, kisogo chako hukioni. Ila nenda zimeshanyooshwa na zimeshasokotwa, vinginevyo atakutia pasi kwanza. Usiseme "nipunguzie kidogo", kidogo cha msusi na kidogo chako havijawahi kukutana. Sema "nusu sentimita", na uionyeshe kwa kucha yako. Mwambie aanze na twisti moja ya nyuma, akupe kile kipande mkononi ukione, ndipo aendelee na ya pili. Akikasirika, mlipe nauli ya muda wake, ushukuru, na utoke na nywele zako.